Seva ina kadi mbili, ISP wawili: pakiti zinaingia laini ya pili lakini majibu hayafiki

#1 Nyaya_za_Ilala

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada, maana ISP (kampuni za intaneti) wote wawili wananizungusha na bosi anataka majibu.

Nina seva ya ofisi hapa Dar, Ubuntu 22.04, kadi mbili za mtandao. eno1 imechomekwa faiba ya ISP A. eno2 imechomekwa laini ya ISP B, hawa wanatumia minara. Bosi aliitaka hii laini ya pili baada ya lile sakata la Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ikawa ya kusuasua. Wazo lake ni kwamba mteja akishindwa kutufikia kupitia A, atufikie kupitia B.

Kupitia A kila kitu kiko poa. Kupitia B mtu wa nje akifungua tovuti inazunguka weee mpaka muda unaisha. SSH (kuingia kwenye seva kwa mbali) hivyo hivyo. Nimewapigia ISP B, fundi wao kaping IP yangu kutoka kwenye rauta yao, imejibu bila shida, akaniambia "kwetu iko sawa kaka, angalia upande wako". Fayawoli nimeizima kabisa kwa majaribio, hali ni ile ile. Kebo nimebadilisha. Kadi nimeijaribu kwenye mashine nyingine, nzima.

IP hapa chini ni za mfano, zile za RFC 5737 (waraka uliotenga IP za mifano), za kweli nimezificha:

eno1: 203.0.113.10/29, lango 203.0.113.9
eno2: 198.51.100.34/29, lango 198.51.100.33

#2 Chini_ya_Mwembe

Ndogo hiyo mkuu. Ongeza njia ya difoti (ya kutokea nje) ya pili kwenye eno2 yenye metriki 200, mchezo umeisha.

#3 Mzee_wa_Bando

Ngoja waje wenyewe watujuze. Mimi nimekaa paleee.

#4 Babu_Tcpdump

@Chini_ya_Mwembe hapana mkuu, usimpoteze mwenzako. Metriki kazi yake ni kuchagua njia moja kati ya zinazofanana, yenye namba ndogo inashinda. Ya 200 itakaa benchi mpaka ile ya kwanza itoweke kwenye jedwali, na haitoweki kirahisi: faiba ikikatika huko Mwenge wakati kebo ya kutoka seva hadi kisanduku cha ISP bado inawaka taa, kerneli (kiini cha Linux) haina habari. Akizipa metriki sawa kama njia mbili za kugawana, ndiyo balaa zaidi. Kila muunganisho utapigiwa hesabu ya kutupwa A au B, leo inafungua, kesho haifungui, na atakuja hapa kusema seva ina majini.

@Nyaya_za_Ilala ulichosema kuhusu fundi wa ISP B ndicho muhimu kuliko vyote. Rauta yao iko sabneti (kundi la IP jirani) moja na eno2, yaani 198.51.100.32/29, kwa hiyo seva inaijibu moja kwa moja bila kuhitaji lango. Mtu wa mbali hayumo humo. Fundi hakukudanganya, ila kipimo chake hakigusi palipo na ugonjwa.

Tupia hapa matokeo ya hizi:

ip route
ip rule
ip route get 192.0.2.77 from 198.51.100.34

Weka 192.0.2.77 kwa niaba ya IP ya simu yako ukiwa kwenye bando. Halafu washa hii ya kunasa pakiti huku unafungua tovuti kwa simu:

tcpdump -ni any host 192.0.2.77 and port 443

Usitumie `-i eno2`. Weka `any`, utaona kwa nini.

#5 Nyaya_za_Ilala

Shukrani babu. Haya hapa:

default via 203.0.113.9 dev eno1 proto static
198.51.100.32/29 dev eno2 proto kernel scope link src 198.51.100.34
203.0.113.8/29 dev eno1 proto kernel scope link src 203.0.113.10

ip rule ni zile tatu tu: 0 local, 32766 main, 32767 default.

192.0.2.77 from 198.51.100.34 via 203.0.113.9 dev eno1 uid 0

Na tcpdump:

14:02:11.318204 eno2 In IP 192.0.2.77.51544 > 198.51.100.34.443: Flags [S]
14:02:11.318291 eno1 Out IP 198.51.100.34.443 > 192.0.2.77.51544: Flags [S.]

Inajirudia hivyo hivyo. Kitu kingine, nilijaribu `ping -I eno2 8.8.8.8` ikaleta "From 198.51.100.34 Destination Host Unreachable". Hapo ndipo nilipohisi laini ya B yenyewe ni mbovu.

#6 Babu_Tcpdump

Ugonjwa umejionyesha wenyewe. Soma ile mistari miwili ya tcpdump polepole. Wa kwanza ni eno2 In. Wa pili ni eno1 Out. Ombi limeingia kwa B, jibu limetokea kwa A likiwa limebeba IP ya B.

Linux ikitaka kutuma pakiti haiulizi "huyu aliniingilia wapi?" Inatazama anapokwenda tu, inafungua jedwali la main, inakuta mstari mmoja wa `default` unaosema eno1, inatuma. Kwamba muunganisho ulianzia eno2 ni jambo ambalo uelekezaji wa kawaida haulitilii maanani hata kidogo. `ip route get` yako imekuambia hilo neno kwa neno: kutoka 198.51.100.34, pitia 203.0.113.9, kadi eno1.

Sasa jibu likifika kwa ISP A, wao wanaona mteja wao anatuma pakiti yenye IP isiyo yao. Mtandao unaojiheshimu hutupa kitu kama hicho hapo hapo, ndiyo mwongozo wa BCP 38, RFC 2827 ya mwaka 2000, iliyowekwa kuzuia watu wasighushi IP za wengine kwenye mashambulizi. Hawakukosea kuitupa. Kuna ISP hawachuji, ndiyo maana utakuta mtu mwingine ana usanidi kama wako na kwake inafanya kazi, halafu siku ISP wake akiamka na kuweka kichujio anaanza kutafuta mchawi.

Kuhusu ile ping yako: laini ya B haijafa. `-I eno2` inamfunga ping kwenye kadi, na kwa kuwa hakuna njia yoyote ya kutoka nje kupitia eno2, kerneli inabahatisha kwamba 8.8.8.8 iko kwenye waya ule ule, inaanza kuitafuta kwa ARP, yaani kuuliza kwenye waya IP hiyo iko kwenye kadi ipi. Washa `tcpdump -ni eno2 arp` kisha rudia ping, utaona "who-has 8.8.8.8 tell 198.51.100.34". Hakuna wa kuitikia. Hicho kipimo kimewafanya mafundi wengi wabadilishe laini nzima bure.

#7 Mtaalam_wa_Mikocheni

Samahani kuingilia. Mbona Windows Server unaweka malango mawili na majibu yanarudi yalikotoka? Linux si ndiyo mnaisifia kila siku?

#8 Babu_Tcpdump

Swali zuri ingawa umeliuliza kwa kejeli. RFC 1122 ya 1989 iliacha nafasi kwa mitindo miwili: mashine inayoihesabu IP kuwa mali ya kadi, na mashine inayoihesabu kuwa mali ya mashine nzima. Windows kuanzia Vista na Server 2008 inafuata ule wa kwanza. Linux inafuata wa pili. Kwenye seva ya kawaida ya kadi moja hutaona tofauti. Ukiweka kadi mbili zenye malango mawili, utaiona mpaka uichoke.

Turudi kwa mgonjwa. Dawa ni kumpa kila ISP jedwali lake la njia, kisha kuandika kanuni inayosema "pakiti yenye IP ya B isome jedwali la B". Mambo haya yamo kwenye Linux tangu kerneli 2.2, siyo teknolojia ya jana. Kwa mkono, kwa majaribio:

ip route add 198.51.100.32/29 dev eno2 src 198.51.100.34 table 102
ip route add default via 198.51.100.33 dev eno2 table 102
ip rule add from 198.51.100.34 table 102 priority 1002

Fanya hivyo hivyo kwa A, table 101, priority 1001. Wengine huiacha A itumie main tu. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu siku utakapohamisha difoti kwenda B, wateja wanaoingia kwa A nao watapata ugonjwa huu huu.

Ule mstari wa kwanza wa sabneti usiuruke. Kanuni yako inasomwa kabla ya main, kwa hiyo bila mstari huo hata jirani wa kwenye /29 atajibiwa kwa kuzungushwa langoni.

Kama uko mbali na seva, usitangulize A uliyoingilia. Anza na B. Na ukishaandika netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) tumia `netplan try`, siyo `apply`. Usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120 inarudisha mipangilio ya zamani, unaepuka kupanda bodaboda usiku kwenda kuchomeka skrini.

#9 Pwani_Packet

Salamu kutoka Mombasa. Nami nina jambo kama hilo ila kadi zangu zote mbili ziko sabneti moja, 192.168.1.5 na 192.168.1.6, swichi moja. Nikichomoa kebo ya .5, wakati mwingine .5 bado yaitika! Na nikitazama ARP kwenye mashine nyingine naona .5 ina MAC (namba ya kadi yenyewe) ya kadi ya pili.

#10 Babu_Tcpdump

Huo ni ugonjwa wa jirani yake, ndugu yangu. Kadi ya pili inajibu ARP ya IP ambayo si yake, kwa sababu ile ile niliyomwambia mwenzetu wa Mikocheni. arp_ignore=1 na arp_announce=2 vitakutuliza. Lakini ukiniuliza mimi, kadi mbili kwenye sabneti moja ni bond, nukta. Unganisha ziwe kitu kimoja chenye IP moja, usijitafutie kazi. Ukitaka zaidi fungua uzi wako, nitakuja.

#11 Nyaya_za_Ilala

Babu, Mungu akupe maisha marefu. Nimeweka yote, ip route get sasa inasema "via 198.51.100.33 dev eno2 table 102". Nikiwa na simu kwenye bando SSH ya 198.51.100.34 inaingia kama kawaida!

ILA tovuti bado. Port 22 ya SSH inafunguka, 443 ya tovuti haifunguki, IP ile ile, kadi ile ile. tcpdump ya 443 inaonyesha kama mwanzo: eno2 In, eno1 Out. Nimesoma kanuni zangu mara nyingi, ziko sahihi. Hapo naomba mnisaidie, kichwa kinauma.

#12 Mzee_wa_Bando

Uzi umenoga. Nani aongeze chai?

#13 Binti_Kerneli

Kaka, hiyo tovuti iko ndani ya Docker?

#14 Nyaya_za_Ilala

Ndiyo dada, nginx inayoendesha tovuti iko kwenye kontena, nimeiwasha kwa docker compose. Umejuaje?

#15 Binti_Kerneli

SSH inaishi kwenye seva yenyewe, kwa hiyo ikijibu, pakiti inazaliwa na IP 198.51.100.34 na kanuni ya babu inaikamata. Nginx yako haiishi hapo, iko ndani ya kontena, kama kijumba chenye mtandao wake. Docker ilibadilisha anwani ya mwisho wakati ombi linaingia, ikawa kitu kama 172.18.0.2. Nginx inajibu kwa anwani hiyo hiyo ya ndani. Pakiti ya jibu inapofika kwenye kerneli kuulizwa "upite wapi?", kwenye kipengele cha mtumaji pameandikwa 172.18.0.2. Kanuni ya `from 198.51.100.34` haiihusu. Inaangukia main, inapewa eno1. Baada ya hapo, ikiwa mlangoni inatoka, ndipo inavalishwa tena 198.51.100.34. Ndiyo maana kwenye tcpdump unaona eno1 Out yenye IP ya B na unashangaa kanuni imelala wapi. Imechelewa tu, uamuzi wa njia ulishafanyika.

Kwa hiyo huwezi kutegemea anwani. Itabidi uuwekee muunganisho alama siku unaingia, na majibu yaisome alama hiyo:

iptables -t mangle -A PREROUTING -i eno2 -m conntrack --ctstate NEW -j CONNMARK --set-mark 2
iptables -t mangle -A PREROUTING -i br-+ -j CONNMARK --restore-mark
ip rule add fwmark 2 table 102 priority 902

Mstari wa kwanza: muunganisho mpya ulioingilia eno2 uandikwe alama 2. Wa pili: pakiti inayotoka upande wa kontena irudishiwe alama ya muunganisho wake kabla njia haijachaguliwa. Wa tatu: mwenye alama 2 asome jedwali la B. Nimeandika `br-+` kwa sababu compose hutengeneza daraja lake lenye jina la br- na herufi za kubahatisha. Kama kontena liko kwenye docker0, andika docker0.

Halafu kuna rp_filter, kichujio cha pakiti zinazoingia, ambayo namshangaa babu hajaigusa.

#16 Babu_Tcpdump

Sikuigusa kwa sababu Ubuntu inakuja na 2, na tcpdump yake ilionyesha jibu linatoka. Ingekuwa rp_filter tungeona In bila Out.

#17 Binti_Kerneli

Sawa babu, kwa mgonjwa wetu uko sahihi. Ila wanaosoma uzi huu wapo wa familia ya Red Hat, na kwao thamani mara nyingi ni 1.

Kwa ufupi: rp_filter inakagua pakiti inayoingia. Ikiwa 1, kerneli inauliza "ningekuwa namjibu huyu, ningepitia kadi hii hii?" Kama hapana, inaitupa kimya kimya. Ikiwa 2, inaridhika ilimradi kuna kadi yoyote ya kumfikia. tcpdump inaiona pakiti KABLA haijatupwa, kwa hiyo unaona In, In, In, na programu yako haipati kitu. Watu hukimbilia kulaumu nginx.

Kuhakikisha tumia `nstat -az TcpExtIPReversePathFilter`, uone kama namba inapanda kila ukijaribu kufungua. Na kumbuka kinachotumika ni ile kubwa kati ya `all` na ya kadi. Ukiweka 0 kwenye eno2 huku all ni 1, hujafanya kitu. Ukiweka 2 kwenye eno2, 2 inashinda.

Kwa usanidi huu wa kontena weka 2. Kuna mafunzo kibao mtandaoni yanayosema "weka 0 popote", mimi siwaelewi, hasa kwenye seva iliyo uchi kwenye intaneti.

#18 VPN_ya_Shangazi

Nyongeza kwa wenye OpenVPN ya UDP kwenye seva kama hii: weka neno `multihome` kwenye faili la seva. UDP haina muunganisho, programu iliyosikiliza 0.0.0.0 inaweza kumjibu mteja kwa IP ya A wakati aliuliza B. Kanuni za babu hazitasaidia hapo kwa sababu anwani ya mtumaji yenyewe tayari si sahihi.

#19 Nyaya_za_Ilala

Wakuu, IMEKUBALI. Tovuti inafunguka kwa laini zote mbili. Dada Binti_Kerneli, babu, asanteni sana.

Kimebaki kimoja. Nilipofanya `systemctl restart systemd-networkd`, ile kanuni ya fwmark ikapotea, za `from` zikabaki. Kwa nini inachagua?

#20 Binti_Kerneli

Za `from` umeziandika kwenye netplan, ya fwmark umeiweka kwa mkono. networkd (huduma inayosimamia mtandao wa seva) kwa kawaida yake inafuta kanuni isizozijua kila inapowaka, isipokuwa zile za kerneli. Ihamishie kwenye netplan, chini ya eno2:

routing-policy:
  - from: 198.51.100.34
    table: 102
    priority: 1002
  - to: 0.0.0.0/0
    mark: 2
    table: 102
    priority: 902

Hiyo `to: 0.0.0.0/0` iache hivyo hivyo, kuna matoleo ya netplan yanakataa kanuni isiyo na from wala to.

Zile mbili za iptables usizihifadhi kwa netfilter-persistent. Itabeba na za Docker humo humo, ukiwasha upya zinarudi za zamani zikichanganyika na mpya. Ziandikie huduma ndogo ya systemd, aina ya oneshot, iziweke seva inapowaka. Docker kwa mpangilio wa kawaida haigusi jedwali la mangle, zitakaa salama.

#21 Chini_ya_Mwembe

Haya, na mkia wa swali langu la mwanzo: faiba ya A ikikatika, seva yenyewe itatoka vipi kwenda nje, kwa mfano kutuma barua pepe?

#22 Babu_Tcpdump

Hapo sasa metriki yako ina kazi, mkuu. Difoti mbili kwenye main, A ndogo, B kubwa, na skripti inayoping kitu cha mbali kupitia A kila baada ya sekunde chache, ikikosa majibu inaiondoa difoti ya A kwenye main. Iping kwa `-I 203.0.113.10`, yaani IP na siyo jina la kadi, ili ifuate jedwali 101 hata baada ya difoti ya main kuondolewa. Bila hivyo skripti haitajua kamwe kwamba A imerudi.

Na Nyaya_za_Ilala, waulize ISP A na B wanatoka nchini kwa nyaya zipi za baharini. Ukikuta wote wanapita njia ile ile, siku kama ile ya Mei 2024 jedwali lako la 102 litakuwa limepangwa vizuri na hakuna kinachopita.

#23 Nyaya_za_Ilala

Nimeshawaandikia wote wawili. B wamejibu, A bado wanasema "tutakupigia".